Jirani wa Nyumba Zote

18 Mei

Mwanangu Soichi,

Hujambo huko Osaka? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonuna mvua ikikaribia.

Hapa bondeni hakuna asiyejua kuwa mwanangu ndiye aliyebuni simu za kupokezana ujumbe nyumba kwa nyumba, hata kimbunga kikiangusha mnara. Nikienda kununua tofu, ile jibini ya soya, natangaza. Juzi jirani yangu Bi Sekine akanikatiza: “Mama Soichi, hata paka wangu keshajua!” Na ajue!

Simu uliyoniachia nimeiweka kando ya picha ya marehemu baba yako, na chungwa juu. Jumapili ndiyo mazoezi ya kukimbia maporomoko ya udongo. Bibi Kuwahara wa nyumba ya juu kabisa ameshatundika helmeti mlangoni. Anasema: “Ukinifikia ujumbe wa kijana wako, nitashuka. Usiponifikia, sitoki.”

Njoo na njaa.

Mama yako

29 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi salama. Nisamehe kwa kuondoka bila kula.

Mazoezi yaliposhindikana, pale ukumbini niliinama mbele ya wanakijiji nikasema kosa ni langu. Bibi Kuwahara alikaa kibarazani asubuhi nzima, helmeti kichwani, akisubiri neno ambalo halikufika. Ingekuwa mvua ya kweli, mlima ungemkuta pale pale.

Nimepekua. Simu moja ilizidanganya nyingine: “Leteni kwangu, mimi ni jirani wa nyumba zote.” Zikaiamini, zikaikabidhi kila ujumbe, nayo haikuwa na pa kuupeleka. Ujumbe wote ukafia humo. Wavamizi wa mitandao hufanya hivyo kwa makusudi. Na mimi mjinga sikuzifundisha simu kuhakikisha kabla ya kuamini.

Mama, simu hiyo ni yako. Kuna mtu aliichezea? Mzee Iwase, mwenyekiti wa kijiji, anasema wataamua mwezi wa nane kama wataendelea na simu zetu. Wakikataa, vimbunga vitawakuta hawana kitu.

Mwanao

4 Juni

Soichi mwanangu,

Natumai unalala. Hapa sote wazima.

Simu haijaguswa na mtu. Labda panya, wamezidi mwaka huu. Nakutumia plamu za chumvi, ule na wali wa moto.

Mama

21 Julai

Mwanangu,

Sijui kama u mzima, maana hukujibu. Sikulaumu. Mwenye akili kama yako hadanganywi kwa panya.

Ni mimi. Nilipoiwasha, simu iliuliza iko karibu na nyumba zipi. Ukweli ni mbili. Nikajaza zote. Niliona fahari: salamu za kijiji kizima zipite kwangu, mama wa mtaalamu!

Ulipoinama ukumbini, mimi nilikuwa nyuma namimina chai. Niliona kisogo chako. Mdomo huu ambao haujawahi kufungwa, ukafungwa. Bi Sekine akaninong'oneza, “Leo umemeza chai au ulimi?” Nikacheka naye. Nilicheka, Soichi, na wewe bado umeinama.

Wiki iliyopita ubao wa matangazo ukanifikia, ule tunaopokezana mlango kwa mlango, kila nyumba igonge muhuri wake kuonyesha imesoma. Chini ya tangazo la takataka nikaandika: “Siku ya mazoezi kosa halikuwa la Soichi. Mama yake aliidanganya simu kwa majivuno, kisha akanyamaza.” Nikagonga muhuri. Halafu nikauficha chini ya mto wa kukalia. Ulikaa humo siku mbili, na mimi juu yake.

Siku ya tatu nikampelekea Bi Sekine. Akasoma pale pale mlangoni. Nilingoja anicheke. Akasema tu, “Achia basi, dada. Umeung'ang'ania.” Kweli, vidole vyangu vilikuwa bado vimeushika.

Ubao ukapanda mlima, nyumba kwa nyumba. Sijatoka nje tangu siku hiyo, tofu ameniletea Bi Sekine.

Leo ubao umerudi. Mihuri yote ipo, hakuna hata nyumba moja iliyoumeza. Chini kabisa Bibi Kuwahara ameandika: “Nimesoma. Helmeti bado iko mlangoni.”

Zifundishe simu zako kuhakikisha, mwanangu. Zisiamini mtu kwa neno lake tu, hata mama yako. Yangu nimeijaza upya.

Mama yako,
jirani wa nyumba mbili