Sufuria ya Presha Iko kwa Mama Yako

Chepkoech rafiki yangu,

Nimejaa hasira na sina wa kumwambia. Ungekuwa hai ningekuja kwenu, ungenimiminia chai, ungeniacha niseme mpaka niishiwe. Sasa naandika.

Unakumbuka viazi vya baba yangu vilivyonyauka vikiwa na maua, sababu ya mbegu mbovu ya soko? Siku hiyo ulisema, "Kwamboka, tutengeneze mbegu yetu." Kikundi chetu cha wakulima kikatupa chumba nyuma ya stoo hapa Kedowa, tukaanza kukuza miche safi ya viazi, isiyo na ugonjwa, ndani ya chupa za jamu. Mashine ya kuua vijidudu hatukuwa nayo. Tulikuwa na sufuria yako ya presha, jiko la makaa na ndoo ya maji yenye dawa ya jiki ya kusafishia. Chupa, visu, vibano, vyote vilipita kwenye ile sufuria. Wakati wa kupanda miche chupani hatukuongea, tusije tukapulizia miche mate. Lakini wewe! Ulinikonyeza mpaka nikacheka ndani ya barakoa. Na miche ilitoka safi.

Halafu mapafu yako. Halafu tukakuzika.

Matanga hata hayajaisha, mwenyekiti wetu akaletewa na wafadhili mashine kubwa ya mvuke. Akasimama mbele ya wageni: "Mambo ya sufuria yameisha. Hii ni maabara, si jikoni." Sufuria ikarudishwa kwa mama yako pamoja na nguo zako.

Na unajua stima ya huku mvua ikinyesha. Ilipotea mashine ikiwa katikati ya kuchemsha. Nikasema chupa zichemshwe upya. Mwenyekiti akasema hakuna wakati, wageni wanarudi. Nilipokataa kupanda, akaita mtu mwingine. Baada ya siku chache kila chupa ilikuwa imeota ukungu mweupe kama pamba. Msimu ukafika, watu wakarudi kununua mbegu sokoni, baba yangu pia. Viazi vyake vimenyauka tena, Chepkoech. Nilimkuta amesimama katikati ya shamba, kofia mkononi.

Nikaenda kwa mama yako kuomba sufuria. Ilikuwa motoni, imejaa maharagwe.

"Hii siwezi kupeana," akasema. "Ndiyo kitu mtoto wangu ameniachia. Lakini wewe kuja, chemshia hapa."

Basi kila Jumamosi nabeba chupa hadi jikoni kwake. Ananitesa! Presha haijakaa vizuri, ameshika kifuniko afungue, ati makaa yanaisha na watu watakula nini. Tunagombana kweli. Kisha mmoja wetu anataja jina lako, ugomvi unaisha, na sufuria inaendelea kupiga kelele peke yake.

Chupa za mwezi huu ni safi. Zote. Nimezipanga juu ya ile mashine, mwenyekiti azione. Alipita, akaangalia, hakusema pole wala asante. Ameuliza tu kama kuna miche ya shamba lake.

Wewe ungempa. Mimi bado.

Lala salama, Chepkoech. Nakuahidi hivi: miche ya kwanza ni ya mama yako, na nitaipanda kwa mikono yangu pale nyuma ya nyumba, karibu na wewe. Ya pili ni ya baba. Mwenyekiti atapanga laini kama watu wengine.

Mimi wako, ninayekukosa,
Kwamboka