Jina la 42 na jiwe la Jumatatu

UMOJA WA FAMILIA ZA WAFANYAKAZI WA RELI, KASUKU, KINDU
Jumamosi, 9 Novemba 2024, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Papa Lukusa (Mwenyekiti), Mama Bernadette Bitota, Franck Kalala (fundi wa kompyuta), Naomie Tshibola (Katibu).
Hakuhudhuria: Papa Abdoul, yuko Obokote shambani, alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/11/2024: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 9.40 alasiri, baada ya kumngoja Franck na kompyuta yake. Mwenyekiti alikumbusha kwamba Jumatatu fundi wa mawe anaanza kuchonga majina kwenye jiwe la kumbukumbu la marehemu wetu wa miaka ya vita, na kinachochongwa hakifutiki.

KUMB. NA. 2/11/2024: JINA LILILOKOSEKANA
Mama Bernadette alieleza kwamba daftari la marehemu lina majina 42 na karatasi aliyoichapa Franck kwa ajili ya fundi wa mawe ina 41. Aliyekosekana ni mume wake, Ngeleka, wa mwisho daftarini. Alisema: "Bwana yangu alikufa mara moja. Huyu Franck anamuua mara ya pili na mashini."

Franck alijibu kwamba mashine haikosei. Katibu aliuliza nani basi aliyekosea.

KUMB. NA. 3/11/2024: AMRI YA KUKATA ORODHA
Franck alionyesha alichoandika: majina[0:41], kwa kuwa mashine huanza kuhesabu na sifuri, hivyo jina la 42 hupata nambari 41. Katibu alisoma mwongozo wa lugha hiyo ya programu, unaoonyesha umbo la amri hivi:

"[" [mwanzo] ":" [mwisho] "]"

Alifafanua kwamba mabano yenye alama za kunukuu huandikwa kama yalivyo. Yasiyo nazo yanasema tu kwamba kilichomo kinaweza kuachwa. Tena mashine huishia kabla ya nambari ya mwisho. Nambari hiyo isipoandikwa, orodha hutoka yote.

Franck alisema mwongozo huo aliusoma zamani. Mwenyekiti alisema kusoma si kuelewa. Franck alifuta 41, ikabaki majina[0:]. Yalitoka majina 42, Ngeleka chini kabisa. Franck aliomba radhi, na alifanya vizuri.

KUMB. NA. 4/11/2024: SWALI LA MAMA BERNADETTE
Aliuliza kama jina likiongezwa leo nalo litatoka. Franck alihakikisha kwamba litatoka, bila kubadili amri. Mama alisema: "Basi muandike Isidore. Ule njo (ndiye) mutoto wetu wa kwanza. Alienda Punia mwaka wa 1999, hakurudia. Nilikuwa nakataa aandikwe, sababu sikumuzika."

Mwenyekiti alimpa kalamu. Aliandika mwenyewe: 43. Ngeleka Isidore. Wote walikubali.

Mengineyo hayakuulizwa. Wajumbe waliondoka saa 11.15 jioni.

Lukusa, Mwenyekiti ....................
N. Tshibola, Katibu ....................