Saa ya Mutombo

Mjukuu wangu Ilunga,

Nilichomficha hata marehemu nyanya yako, nakuandikia wewe. Mama yako ni mzima. Kifua changu ndicho kimechoka.

Umeuliza kama redio za jeshi zinazorukaruka masafa zinaweza kunaswa. Ni vigumu, mradi saa za vituo vyote zilinganishwe kila asubuhi, kwa kuwa redio hizo huhama masafa pamoja kwa kufuata saa. Siku moja, nikiwa mtu wa redio pale kambini Kamina, sikuilinganisha yangu. Mutombo, rafiki yangu wa kituo cha mbele, hakunisikia. Nikamwita kwenye masafa ya wazi, nikidhani Kiluba chetu kinatosha kuwa siri; kwa Kiswahili ni kama kusema: "Weye Mutombo, unalala? Malori inatoka saa ine."

Adui naye alikijua Kiluba. Aliyavizia malori, na askari waliokuwamo walirudi wachache.

Ikasemwa saa ya Mutombo ilichelewa, akafungwa. "Chef, saa yangu iko juste," alimwambia mkuu wetu, akinitazama mimi.

Alisema kweli, saa yake ilikuwa sawa. Iliyochelewa ilikuwa yangu.