Mbio za Vidole

Iyunga, Mbeya

Kaka Sosthenes,

Kamwene. Huku baridi imeanza, na viazi vya Uyole havifikii vyetu vya Kilolo hata kidogo. Umeuliza kama vile viatu vya mbio ulivyonitumia vimeisha. Havijaisha, kaka. Bado vinang'aa.

Chuo kimefungua ukumbi wa michezo ya kompyuta. Viti vyake unaweza kuvilalia, skrini zimejaa ukuta mzima, na timu yao ina kocha. Sisi wa riadha tuliomba mashimo ya uwanjani yafukiwe tu. Tukajibiwa bajeti ya michezo imekwisha. Ila siku ya uzinduzi walinikumbuka. Walinivalisha suti mpya ya michezo, nikakimbia mbele ya mgeni rasmi huku nikipigwa picha. Picha zilipowatosha, suti yao wakaichukua.

Wiki iliyofuata, nikiwa mazoezini, mguu uliingia shimoni, kifundo kikavunjika. Daktari anasema kutembea nitatembea.

Mlezi wa wanafunzi alikuja kunipa pole, eti na habari njema: nafasi yangu ya michezo haipotei, nihamie ukumbini. Humo kuna mchezo wa riadha, unakimbia kwa vidole. Nikaenda na magongo yangu, nikajaribu. Nilishika mkia.

Viatu nakurudishia kwa basi, vitafutie mwenye miguu. Mama akiuliza, mwambie Devota bado anakimbia, tena siku hizi hata jasho halimtoki.

Mdogo wako,
Devota