Siku Niliyosema Ni Tumbo

Mama,

Leo nimesimama sokoni tangu asubuhi mpaka karoti zimeisha, na sikuondoka mahali petu hata mara moja. Nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwambia Denis. Mwanao angesema tu, "Vizuri," kisha angeuliza tunakula nini. Unamjua.

Ni mwaka na miezi miwili sasa tangu utuache. Neema amerefuka, viatu vya shule vimembana mara mbili. Mzee wako amekataa katakata kuhamia kwetu Bigwa. Anasema joto la huku chini litammaliza, afadhali abaki Mgeta na baridi yake. Anapika mwenyewe. Wali wake hauliki, Mama, nisikufiche, lakini maharage ameyaweza.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, la siku ile ya kukuzika. Nimekuwa nikilizunguka. Leo nataka kulisema, na ili nilieleze vizuri inabidi nianzie ile Jumamosi ya kwanza, miaka mitano iliyopita, uliponifundisha kukaa.

Nilikuwa bado mgeni sokoni. Ulikuwa unanitania, "mtu wa barabarani," kwa sababu nilikulia Mikese nikiwauzia abiria mahindi ya kuchemsha, ukashangaa kwamba mimi niliyezoea magari naogopa watu. Siku hiyo fuso tatu za mboga zilishuka kutoka Mgeta kwa pamoja. Watu walijaa mpaka hakuna pa kukanyaga, mbebaji mmoja akapita na tenga la kabichi likanigonga mgongoni. Halikuniumiza. Ila papo hapo moyo ulianza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, masikio yakaziba kama ya mtu aliyezama. Hewa ilikuwepo lakini haikuingia. Nilijua nakufa. Sikudhani, nilijua, na nikawaza nani atamlea Neema.

Wewe ulinitazama mara moja tu. Hukupiga kelele, hukuita watu. Ulinivuta nikakaa juu ya gunia, ukaniwekea kindoo cha sado chenye njegere mapajani, ukasema, "Menya. Usiniangalie mimi, angalia njegere." Mteja akaja akauliza karoti, nawe ukamjibu, kama vile unasema nakunywa chai: "Mama Neema anapumua. Subiri kidogo."

Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye tulipokuwa tunafunga magunia nilicheka mpaka machozi. Yule mteja alisubiri kweli!

Tulikwenda hospitali, wakapima moyo, wakasema mzima. Jirani yetu wa Bigwa akasema ni majini. Sabina, binti yako, akasema ni uvivu, ingawa hakunisema mbele yako. Wewe ulisema, "Moyo wake mzima na akili yake nzima. Hofu inamshika, naye hakuiita." Ilinijia tena kwenye foleni ya benki, ikanijia stendi ya Msamvu, ikanijia Jumapili ya Matawi katikati ya maandamano, na kila mara ulikuwepo. Ulikuwa unakaa tu. Ukiwa umevaa viatu vizuri, unakaa. Ukiwa na haraka, unakaa.

Halafu ukaugua siku nne, ukaenda.

Siku ya mazishi kanisa la kule juu lilijaa mpaka nje. Watu walipanda kutoka mjini, wengine walitembea tangu alfajiri kutoka vijiji vya ng'ambo. Nilikuwa nimevumilia vizuri. Nilivumilia misa, nilivumilia kwaya. Kisha wakatuita tupange mstari wa heshima za mwisho, kwanza watoto, halafu sisi wakwe. Mbele yangu alikuwa Sabina. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana kidogo, kwa huzuni tu, si kwa ubaya. Nilikuwa nimebakiza hatua tatu kukufikia.

Ikaja. Nilitazama kushoto kukutafuta, Mama. Nilikutafuta wewe ili ukae nami, na wewe ndiye uliyelala pale.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Nilishuka kwenye matuta ya karoti za watu, nikapita migombani, nikafika kijitoni nikakaa na viatu vyangu ndani ya maji. Sijui nilikaa muda gani. Niliporudi udongo ulikuwa umeshainuka, akina mama wa jumuiya wanaimba, na mashada ya maua yameshawekwa. Sikukuaga. Sikutupa hata konzi moja ya udongo.

Sabina alinifuata mbele ya watu akasema, "Umemkimbia mama yangu."

Nami nikasema, "Ni tumbo, wifi. Nimeumwa tumbo."

Hilo ndilo nililolibeba. Kukimbia, labda ningejisamehe. Lakini nilikuonea aibu, Mama. Wewe uliyeliambia soko zima kwamba napumua, bila kona wala kificho, na mimi siku yako nikaficha. Sabina hakunisemesha tena. Mzee alinipa mkono tulipoondoka, akauliza, "Tumbo limetulia?" Nikasema limetulia.

Baada ya hapo sikwenda sokoni miezi minne. Nilikuwa nauza mchicha na nyanya getini kwetu, kwa majirani. Denis alidhani ni majonzi, akaniacha. Nikaacha na kanisa. Nikaacha kwenda kumchukua Neema siku za mvua, kwa sababu wazazi hujazana kwenye kile kibanda cha shule. Dunia yangu ilikuwa imebaki kuanzia mlangoni mpaka getini. Siku moja Neema aliniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, na wewe umezeeka?"

Nililia jikoni. Kisha nikamwambia Denis kila kitu, na kuhusu tumbo pia. Alikuna kichwa kama unavyojua, akasema, "Mimi nilijua si tumbo. Nilingoja uniambie." Kesho yake hakwenda karakana, akanipeleka hospitali kwa dada mmoja mshauri.

Huyo dada alinieleza mambo ambayo mengine ulikwishaniambia kwa njia yako. Kwamba hofu hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Kwamba nikikimbia ikiwa kileleni, mwili wangu unaondoka ukiamini kwamba mbio ndizo zilizouponya. Nikamsimulia habari zako, gunia na njegere. Alitabasamu. Halafu akasema kitu ambacho sikukipenda. Alisema, "Mkweo alikusaidia sana. Ila wewe ulijifunza kupumua ukiwa naye. Sasa tujifunze bila yeye."

Nilikasirika, Mama. Nilirudi nyumbani nikamwambia Denis siendi tena, yule hamjui mama. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba alisema kweli. Naomba na wewe usikasirike.

Tukaanza kidogokidogo. Wiki ya kwanza nilisimama ng'ambo ya barabara, nikitazama soko, mpaka moyo utulie, kisha narudi. Wiki ya pili nikafika kwa wauza vitunguu. Nilikuwa nakanyaga chini kwa nguvu nikisikiliza nyayo zangu, natoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, najisomea maneno ya kwenye khanga za watu. Kuna siku nilikimbia. Siku moja niliacha mizani juu ya meza na mteja ameshika mfuko wake wazi, nikajikuta niko karibu na mto. Nilirudi baada ya nusu saa. Dada mshauri aliposikia, hakuuliza kwa nini nilikimbia. Aliuliza, "Ukarudi?" Nikasema ndiyo. Akaandika hiyo.

Nikaamua kumwambia Mama Hadija, yule wa hoho na bamia, jirani yetu wa meza. Nilijipanga siku mbili jinsi ya kusema. Nilipomaliza alipiga makofi. "Kumbe! Sisi tulishakubaliana una majini, tena ya Kimakonde!" Alicheka, nami nikacheka. Kisha akasema, "Basi ikianza nikonyeze, nitakuuzia zako. Ila karoti zako mimi sizijui bei, usije ukanilaumu." Sasa ndiyo hivyo. Wakati mwingine namkonyeza, wakati mwingine hata simkonyezi, inakuja inanikuta nafunga fungu la figili, inanitikisa, inaondoka, na mteja hajui kitu.

Sasa nikuambie ya mwezi juzi. Tulipanda Mgeta kwa misa yako ya kumbukumbu na kujengea kaburi. Nilimwomba Mzee ruhusa ya kusema maneno machache pale kaburini. Alinitazama, akajibu, "Sema, mama. Hapa ni kwako."

Watu hawakuwa wengi kama siku ile, lakini walitosha. Mafundi walikuwa wamemaliza kuweka vigae vyeupe. Padri akabariki, wimbo ukaisha, nikasogea mbele. Nikasema, "Shikamooni wazee wangu. Mwaka jana siku ya mazishi niliondoka. Nilisema ni tumbo. Halikuwa tumbo."

Na hapo hapo ikanishika. Vidole, masikio, kila kitu, mbele ya ukoo wako wote. Nilimwona Sabina anainuka kuja kunishika. Nikainua mkono, nikamwambia, "Kaa tu, wifi." Sikuwa na hasira naye. Nilitaka nijue kama naweza. Nilisimama, Mama. Nilikanyaga chini. Kulikuwa na kuku anaparura mbolea upande wa bandani, nikamtazama yeye. Sijui ilikuwa dakika moja au tatu. Ikapanda, ikafika, ikashuka.

Nikaendelea. Nikawaambia ni hofu, inanikamata penye watu wengi, inanifanya niamini nakufa, nami natibiwa. Nikawaambia kwamba marehemu aliijua na hakunionea aibu hata siku moja. Nikaomba radhi kwa uongo wangu. Nilipomaliza, Mzee alisema tu, "Amina," kama vile nilikuwa nimesali, watu wakaitikia. Bibi mmoja wa ng'ambo ya bonde alinishika mkono tukielekea kwenye chakula akaninong'oneza, "Mwanangu, kumbe ina jina? Mimi sijashuka mjini mwaka wa tisa huu." Nimemwahidi kumpeleka kwa dada mshauri. Tutashuka naye taratibu.

Mchana, Sabina alinikuta nasugua sufuria nyuma ya nyumba. Akachuchumaa, akachukua sufuria nyingine. Akasugua mpaka ile ya pili ikang'aa. Kisha akasema, "Siku ile nilimkasirikia kila mtu aliyekuwa hai. Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Nikamwambia, "Wifi, mimi sikumwona akishushwa."

Akaniangalia. Akafuta mikono kwenye khanga yake. Na akanisimulia, Mama. Alinisimulia yote. Kwamba walikuvika gauni lako la bluu, lile la Pasaka, na kwamba rozari yako ya mbao ilikatika wakati wa kukuandaa, akaifunga kwa uzi wa kushonea. Kwamba uso wako ulikuwa umetulia, ila nyusi moja ilikuwa juu kidogo, kama unapomsikiliza mtu usiyemwamini. Padri alipoteza ukurasa, akausaka muda mrefu mpaka mjukuu mmoja akacheka, na hakuna aliyemgombeza. Kamba ya upande wa miguu iliteleza, Denis akaruka akaishika, ndiyo sababu alirudi na tope mpaka magotini, tope ambalo mimi nililifua nisiulize limetoka wapi. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukafunika migomba. Mzee alitupa udongo wa kwanza kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa bado umeshika kofia yake. Konzi ya pili ilikuwa ya Sabina. Akasema aliposogea pembeni alimwona Neema amejipanga peke yake kwenye mstari wa wakwe, mahali pangu, naye akatupa.

Sikujua. Mwaka mzima mtoto hakuniambia.

Tulikaa pale, mimi na binti yako, maji ya sufuria yakapoa. Alipomaliza nilijiona kama mtu aliyechelewa msibani akafunguliwa mlango. Nimekuzika, Mama. Kwa maneno ya Sabina, lakini nimekuzika.

Basi nakuaga leo, kwa kuwa siku ile sikuaga. Asante kwa kila mara uliyokaa. Lala salama huko juu penye baridi yako. Sabina anapalilia pembeni, na Mzee anakusalimia kila asubuhi akienda shambani, nimemsikia kwa masikio yangu.

Na ninakuahidi hili. Mwezi ujao Neema anapokea Komunyo ya kwanza, kanisa la mjini, na unajua linavyojaa. Sitakaa pembeni karibu na mlango. Nitakaa benchi la mbele, katikati, kati ya Denis na Sabina, nimevaa kitenge changu cha njano, na mtoto akigeuka kunitafuta atanikuta.

Mkweo anayekupenda,
Yustina