Bomba la Nangila

Kitale, 4 Machi 2024

Ndugu yangu Absalom,

Habari za Bungoma? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mvua huku imechelewa.

Jana nilikuona kwenye runinga ukipewa tuzo kwa mtambo wa kugeuza mafuta yaliyokaangiwa chipsi kuwa dizeli. Ulisema umeubuni peke yako. Absalom, wenzetu hukoroga mafuta na spiriti kwenye pipa kutwa nzima. Mimi ndiye niliyeacha pipa, nikachukua bomba jembamba, nikatia ndani vyuma vilivyosokotwa ili mafuta yachanganyike yakitembea. Miaka sita nilikuwa nachomelea vyuma hivyo. Wewe ulikuja mara moja, ukapiga picha kwa simu nikikupikia chai.

Kortini siendi. Nitakungoja.

Dada yako,
Nangila

Bungoma, 19 Mei 2024

Dada Nangila,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa Sandra wangu anakohoa kidogo. Ulinifungia simu ndiyo naandika.

Ati niliiba? Si huo mtambo ungeozea kwa karakana yako, bana. Mimi ndiye nilitafuta wenye mtaji, nikajenga kiwanda hapa karibu na Mabanga. Lakini kuna shida. Bomba linaziba. Inatoka kitu nzito kama uji wa sabuni. Mafundi wakisafisha, linaziba tena. Wenye mtaji wamechoka na mimi. Niambie dawa yake, tafadhali. Chochote unataka nitafanya.

Ndugu yako,
Absalom

Kitale, 25 Mei 2024

Absalom,

Sandra anaendeleaje? Mpe maji ya moto yenye tangawizi.

Dawa ipo, nami nitakupa kwa sharti moja. Waite wenye mtaji pamoja na wauza chipsi wanaokuletea mafuta. Simama mbele yao useme ni nani aliyebuni lile bomba. Useme kwa sauti.

Dada yako,
Nangila

Bungoma, 9 Juni 2024

Dada,

Pole na kazi. Sandra amepona, asante.

Nimesema. Nilisimama mbele yao nikasema: "Hilo bomba ni la dada yangu Nangila. Mimi nilipiga picha tu, nikaliita langu." Mama mmoja wa chipsi alinisonya. Wenye mtaji waliondoka bila kugusa soda. Sijawahi kuaibika hivyo. Sasa nipe dawa.

Ndugu yako,
Absalom

Kitale, 28 Juni 2024

Absalom,

Nashukuru Sandra amepona.

Nilikuahidi dawa, hii hapa. Mafuta ya chipsi huja na maji, tena yana asidi kwa kukaangiwa mara nyingi. Hivyo viwili ndivyo huleta ule uji wa sabuni. Yachemshe mpaka maji yaishe, ondoa asidi, ndipo uyaingize kwenye bomba. Sabuni hutaiona tena.

Lakini hutayachemsha wewe. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba bomba ni langu. Korti ingenirudisha nyumbani. Ushahidi pekee ulikuwa kinywani mwako, na aliyekusonya ni Nekesa, mteja wangu wa zamani. Nilimwomba akurekodi. Wenye mtaji walipoisikia sauti yako kwa mara ya pili, wakili wangu akiwa kando, waliniuliza nataka nini. Nikawaambia utoke.

Walikubali jana. Nilitia sahihi nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na bado sijakuonea huruma.

Jumatatu naanza kazi Mabanga. Mlinzi nimeshamwambia asikufungulie geti.

Dada yako,
Nangila