Kura Zifunguliwe Upya

Jumatatu, 9 Machi 1998
Tuko Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya jumla huku Uchina, tangu asubuhi. Marobota sita ya jinzi. Mume wangu Hamadi anafunga, mimi naandika alama za Dar. Jumapili umoja wetu wa Waswahili unachagua mwenyekiti: mimi au Rukia wa Mombasa. Rukia anajua Kichina, kila bosi wa duka anamchekea. Simpendi. Basi.

Alhamisi, 12 Machi
Pendekezo langu limepita. Baada ya kila uchaguzi kura zikaguliwe upya, karatasi moja moja, wagombea wakiwepo. Sasa ni sheria ya umoja. Wamenisifu eti napenda haki. Haki gani? Namwogopa Rukia tu.

Jumapili, 15 Machi
Nimeshindwa. Kwa kura tatu. Rukia amenikumbatia mbele ya watu, dera jipya la kijani. Nilitamani lichanike. Nimedai ukaguzi kesho.

Jumatatu, 16 Machi
Tumekagua mgahawani, baada ya adhuhuri. Mzee Salim, karani wetu, alifungua karatasi na kutuonyesha. Kura mbili za Rukia zilikuwa zimewekwa kwangu kimakosa. Kwa hiyo kanishinda kwa saba. Aibu.
Kisha karatasi moja. "Rukiya", k yenye mkia mrefu. Mwandiko huo naujua tangu barua za uchumba. Hamadi.
Nimetia sahihi.

Jumanne, 17 Machi
Sijala. Nimemkabili akifunga mzigo wa kwenda Huangpu bandarini.
"Ulimpigia kura yule?"
"Ndiyo."
"Unamtaka?"
Akaiacha kamba. "Mama Asha, ulipozidiwa Ramadhani, nani alisema na daktari? Mimi mumeo nilisimama pale kama bubu. Akizidiwa mwingine je?"
Nilijua. Nilijifanya nimesahau. Nilimchukia Rukia siku ile ile, nikiwa kitandani, kwa kuwa Hamadi alimtazama yeye kila daktari alipofungua mdomo.

Ijumaa, 20 Machi
Mvua. Rukia kanipitia, anampeleka polisi dada mmoja wa Tanga aliyepoteza pasipoti. Akaniomba tufuatane. Tumekaa kwenye benchi mpaka saa saba. Anaongea, wanamsikiliza. Wivu bado upo, sidanganyi.
Nikamwuliza "imepotea" wanasemaje. Akanitamkia polepole. Nikarudia. Nikakosea. Akatamka tena.